Sondaji Lubumbashi: hesabu mbabula kabla ya kuhesabu asilimia

Kampeni ikikaribia tu, magrupu ya WhatsApp ya Lubumbashi yanajaa asilimia. Picha za wagombea watatu, tarakimu nene chini ya kila mmoja, na juu yake neno "sondaji", yaani upimaji wa maoni. Nani aliulizwa, wapi, lini, kwa lugha gani, kimya. Kesho yake tarakimu ileile inasomwa kwenye televisheni, jioni inazunguka masokoni kwenye komini (sehemu za mji) za Katuba na Kenya, na ikirudi kwenye simu imekwisha kuwa ukweli wa mji mzima. Inauma, kwa sababu maoni ya watu wa mji huu yanapimika, na yanapimika vizuri. Vijana 20 wenye nidhamu na siku sita za kazi zinatosha. Nawaandikia wale wanaoweza kuifanya kazi hiyo: wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), redio za mitaa, mashirika ya raia, parokia.

Kwanza jina lenyewe. Wenzetu wa Tanzania na Kenya husema "kura ya maoni", na neno hilohilo hutumika pia kwa referandumu kama ile ya Desemba 2005 iliyopitisha katiba yetu. Ukibisha mlango Rwashi ukasema umeleta kura ya maoni, mtu atakwenda kutafuta karte yake ya uchaguzi. Sema "tunauliza watu mawazo yao". Atakuelewa.

Shida kubwa ya Kongo inaanza kabla ya swali la kwanza. Nchi haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Hakuna anayejua kwa uhakika Kampemba ina watu wangapi au Katuba wangapi, na bila orodha ya watu huwezi kuchagua watu kwa bahati nasibu. Orodha iliyo karibu zaidi ni ya CENI, tume ya uchaguzi: vituo vya kupigia kura na idadi ya waliojiandikisha katika kila kituo. Haina watoto, na wengine hujiandikisha mbali na wanakolala, lakini kwa sondaji ya uchaguzi ndiyo bora tuliyo nayo.

Inatumika hivi. Panga vituo vyote vya komini saba (Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Rwashi na Annexe) kwa kufuata ramani, kituo na jirani yake, usifuate alfabeti. Mbele ya kila kituo andika idadi ya waliojiandikisha, na safu inayofuata jumla inayoongezeka: kituo cha kwanza, kisha cha kwanza na cha pili pamoja, na kuendelea hadi mwisho. Tuseme, kwa mfano tu, jumla ya mwisho ni 900,000 na unataka vituo 60. Gawa, unapata hatua ya 15,000. Chagua kwa bahati namba moja kati ya 1 na 15,000, tuseme 6,240. Kituo ambacho jumla yake inaifikia 6,240 kwanza kimechaguliwa. Ongeza 15,000: 21,240. Tena: 36,240. Endelea hadi vitimie 60. Kituo kikubwa kinaweza kuangukiwa mara mbili. Si kosa, utauliza watu 20 pale badala ya 10. Kwa njia hii mtaa wenye watu wengi unapata nafasi kubwa na mdogo nafasi ndogo, na hakuna mkubwa wa timu anayechagua mtaa kwa sababu una barabara nzuri.

Annexe ndiyo hukatwa mara nyingi. Imezunguka mji kama pete, iko mbali, teksi hazifiki kila mahali, na mvua ya Januari inaharibu njia. Mkubwa wa timu anaandika "haikufikika" na kuhamishia fomu zile Kamalondo, ambako zinajazwa kabla ya saa sita mchana. Watu waliohamia pembeni juzi juzi, wenye viwanja visivyo na hati, wamefutwa hapo kwenye maoni ya mji. Ikibidi kupunguza kazi, punguza idadi ya vituo kwenye mji wote kisha upige bahati nasibu upya. Usifute upande mmoja.

Ukifika kwenye kituo kilichochaguliwa, mwombe chefu wa avenyu au wa kartie (mtaa) majina ya avenyu zinazokizunguka. Yaandike kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, toa kimoja. Kwenye avenyu hiyo anza na lupango (kiwanja chenye uzio) utakalochagua kwa bahati kati ya la 1 na la 5, kisha kila la tano. Avenyu ikiisha, kata kushoto.

Na hapa kwenye lupango ndipo sondaji nyingi za mji wetu zinapoanguka. Kwa msomaji wa mbali: ndani ya lupango mara nyingi mna nyumba ya mwenyewe na vyumba vya wapangaji nyuma. Kijana anabisha, mwenye lupango anatoka, anajibu, fomu imejaa, twende lingine. Wapangaji wa nyuma, ambao ni vijana zaidi, wenye kipato kidogo zaidi na wanaohama mara kwa mara, hawakuulizwa. Ukirudia hivyo mara 600 umepima maoni ya wenye nyumba. Dawa ni kuhesabu mbabula, yaani majiko ya makala (makaa). Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Lupango lenye mbabula tatu zinazowashwa makala kila moja kwa chungu chake lina kaya tatu. Uliza, "Humu munapika mahali pangapi?" Zipe kaya namba, toa kikaratasi, ingia kwenye kaya iliyotoka hata kama ni chumba cha mwisho karibu na choo.

Ndani ya kaya fanya vilevile. Andika watu wote wenye miaka 18 na zaidi wanaolala pale, kuanzia mkubwa, kisha toa namba. Vitabu vya Ulaya vinapendekeza kumchagua yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu. Kwetu wazee wengi wanaujua mwaka tu, na kijana wa sondaji ataishia kumchagua aliyemwona mlangoni. Karatasi haina upendeleo. Aliyetoka akiwa hayupo, rudi. Rudi mara mbili, kwa saa tofauti: mama wa sokoni anarudi jioni, mfanyakazi wa mgodi anafuata posti (zamu) yake, vijana wengi hupatikana Jumapili baada ya misa. Usikubali "Baba hayupo, mimi nitamjibia", wala "Mama hajui politiki, uliza mimi". Maoni ya kuwakilishwa ni ya yule anayewakilisha.

Wanaouliza nao ni kipimo, na kipimo kinaweza kupinda. Waende wawili wawili, mwanamke na mwanamume inapowezekana, na mwanamke amwulize mwanamke. Jozi moja, kituo kimoja kwa siku, watu 10. Jozi kumi zinamaliza vituo 60 kwa siku sita. Wabebe barua iliyopigwa muhuri wa komini, lakini chefu wa avenyu asiingie nao ndani: akikaa kwenye kiti pembeni, majibu yote kuhusu Leta (serikali) yanakuwa matamu. Mavazi yasiwe na rangi ya chama. Wala wasivae jezi ya Mazembe. Klabu hiyo inaongozwa na Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015 na mgombea urais mwaka 2023, na mwenye nyumba akiona nyeusi na nyeupe ameshajua, au anadhani ameshajua, ni nani amekutuma. Kwa sababu hiyohiyo usianze mazungumzo kwa mpira ili kuchangamsha watu, halafu uingie kwenye wagombea.

Walipe kwa siku, si kwa fomu. Ukilipa kwa fomu, utaletewa fomu zilizojazwa chini ya mwembe. Programu ya KoboCollect ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti na inaweza kurekodi saa na mahali pa kila mahojiano. Maswali 20 yaliyojibiwa kwa dakika nne hayakuulizwa. Mtu mmoja kati ya kumi apigiwe simu au atembelewe tena na msimamizi, kwa maswali mawili tu: je, alikuja mtu, na mnaishi watu wazima wangapi? Jibu la pili lisipolingana na fomu, rudieni kituo kizima.

Sasa lugha, ambayo naijali kuliko yote. Maswali huandikwa kwa Kifaransa ofisini, kisha kila kijana anatafsiri papo hapo mlangoni, kila mmoja kwa namna yake. Mkiwa jozi kumi, mmeuliza maswali kumi tofauti. Tafsirini pamoja kabla, kwa Kiswahili cha hapa, kisha mtu mwingine ambaye hakuona Kifaransa airudishe kwenye Kifaransa, na mwone kilichopotea njiani. Jaribuni kwa watu 30 nje ya vituo vilivyochaguliwa.

Chukua swali la kukanusha. "Hautaenda kuchagua?" Mtu anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili maana yake mara nyingi ni "Ndiyo, sitaenda". Kijana aliyezoea Kifaransa shuleni anaandika kwamba ataenda. Neno moja limegeuza jibu kichwa chini, na hakuna hesabu baadaye itakayoligundua. Futa kila "hau-" na "si-" kwenye maswali, uliza, "Utaenda kuchagua ao utabakia nyumbani?"

Neno "kidogo" nalo lina nyuso mbili. "Naridhika kidogo" kwa mmoja ni sifa, kwa mwingine ni lawama. Badala ya ngazi za maneno mpe vifuniko vya chupa kumi: "Ukiridhika kabisa weka vyote kwenye sahani, usiporidhika hata mara moja usiweke kitu." Hata asiyesoma anajibu bila aibu, na unapata namba halisi ya 0 hadi 10.

"Leta" ni neno pana mno. Kwa mama wa soko Leta ni mtoza ushuru. Kwa dereva wa teksi ni polisi wa barabarani. Kwa mwalimu ni mshahara kutoka Kinshasa. Ukiuliza "Leta inafanya kazi muzuri?" umeuliza maswali matatu. Taja: gavana wa Haut-Katanga, meya wa mji, Rais. Vilevile usiunganishe vitu viwili, kama "umeme na maji". Mwenye bomba linalotoka na taa isiyowaka atajibu nini? Na mtu akikwambia "Bakubwa njo banajua" (wakubwa ndio wanaojua), usiandike "hana maoni" haraka. Huenda ana maoni na hataki kukupa wewe.

Kwa huyo kuna njia. Usimwulize kwa mdomo atamchagua nani. Chapisha karatasi yenye picha za wagombea na namba zao, kwa mpangilio wa CENI, mpe kalamu, geuka utazame kando, na sanduku liwe limefungwa. Namba zina nguvu kwetu kuliko majina ya vyama: mwaka 2018 mtu alikuwa anakwambia "4" akimaanisha Fayulu, na mwaka 2023 "20" au "3" akimaanisha Tshisekedi au Katumbi. Karatasi ziwe na alama ya kituo tu, zisiwe na alama ya mtu. Utapoteza uwezo wa kulinganisha kura na umri wa mpigaji, ila utapata ukweli zaidi, na kwangu mimi badilishano hilo linafaa kila mara.

Swali la nani atakwenda kweli kupiga kura ni gumu zaidi, na karte haisaidii. Kwa miaka mingi karte ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Watu wanaitafuta ili wasajili simu na wapokee pesa, wala kura haimo mawazoni. Mwaka 2023 waliojiandikisha walikuwa karibu milioni 44, na walioshiriki takribani asilimia 43. Uliza mambo ya kushikika: mara iliyopita ulipigia kura wapi? Kituo chako sasa ni kipi? Asiyekijua kituo chake na hakupiga kura mara iliyopita, mhesabu pembeni.

Msinakili fomu za Ufaransa. Zina swali la "duru ya pili", na kwetu tangu katiba iliporekebishwa Januari 2011 rais anachaguliwa kwa duru moja. Anayeongoza ameshinda, hata kwa 38.57% kama mwaka 2018. Sondaji ya madepite (wabunge) nayo muiache kabisa. Mwaka 2018 wagombea zaidi ya 15,000 walishindania viti 500, na kiti hakitolewi kwa kura za mtu peke yake: orodha yake lazima kwanza ivuke 1% ya kura za nchi nzima, kisha viti vinagawanywa kwa uwiano. Kwa watu 600, depite mmoja anapata majibu matatu au manne. Hayo ni mavumbi.

Fomu zimerudi. Kabla ya asilimia, tazama uliyempata. Tuseme kati ya 600 wanawake ni 372, yaani 62%, kwa sababu ndio waliokutwa nyumbani. Mgombea mmoja ana 40% kwa wanawake na 25% kwa wanaume. Ukijumlisha hivihivi anapata 34.3%. Ukimpa kila upande nusu, anapata 32.5%. Kila mwanamke anahesabiwa kama 0.81 na kila mwanaume kama 1.32, hesabu ya dakika kumi, na imeondoa karibu pointi mbili ambazo hakuwa nazo. (Ukitumia sanduku, kila jinsia iwe na lake, la sivyo hesabu hii haiwezekani.)

Kisha kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho tarakimu inaweza kupotoka kwa bahati tu. Kanuni ya mkono: 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa 600 ni kama pointi 4 juu na 4 chini. Lakini wewe hukuchagua watu 600 waliotawanyika. Ulichagua makundi 60 ya majirani, na majirani wanafanana. Zidisha kwa 1.4, unakaribia pointi 6. Mgombea wa 34 na wa 30 hapo hawajaachana, na anayeandika "anaongoza" anadanganya hata kama hakukusudia. Ukigawa kwa komini, hali ni mbaya zaidi: Kamalondo, iliyo ndogo, itakuwa na watu wachache mno. "Wakaaji wa Kamalondo wanasema" kwa vinywa 20 usithubutu.

Wanaosema "sijue" usiwafiche. Mgombea mwenye watu 34 kati ya 100, huku 25 hawajaamua, anaweza kutangazwa kuwa na 34% au, ukiwatupa wale 25, na 45%. Tarakimu zote mbili zinatoka kwenye fomu zilezile. Kwenye televisheni mtasikia ile kubwa. Hapo ndipo mjue kituo cha televisheni ni cha nani. Vingi mjini ni vya wanasiasa, kama Nyota TV ya Katumbi, na mwandishi anayepewa bahasha ya pesa, "kupaji", na aliyemwalika ana sababu ya kutouliza wangapi hawakujibu.

Kura za simu hewani na za Facebook haziponyeki kwa wingi wa watu. Marekani, mwaka 1936, jarida la Literary Digest lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 na kusema Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majibu yalikuwa mengi, lakini orodha iliegemea wenye simu na magari, na kati yao walirudisha karatasi waliotaka tu. Grupu la WhatsApp lenye watu 900 wa mtaa mmoja wa kampuni ya mgodi ni jambo lilelile. Sondaji ya simu inayofanywa kwa uangalifu ni kitu kingine, ila kumbuka kwamba mtu wa laini tatu ana nafasi mara tatu, na mke anayetumia simu ya mumewe hana hata moja. Uliza idadi ya laini, kisha gawa.

Na sondaji ikitofautiana na matokeo? Desemba 2018, kabla ya uchaguzi, BERCI, shirika la sondaji la Kinshasa, na kundi la utafiti juu ya Kongo la Chuo Kikuu cha New York walitoa Fayulu 47%, Tshisekedi 24%, Shadary 19%. CENI ikatangaza Tshisekedi 38.57%, Fayulu 34.83%, Shadary 23.84%. CENCO (baraza la maaskofu Wakatoliki), iliyokuwa na waangalizi wapatao 40,000, ilisema tangazo hilo halilingani na takwimu zake; Mahakama ya Katiba ikamthibitisha Tshisekedi. Sondaji peke yake isingeweza kumaliza ubishi huo, kwa sababu inapima nia ya jana. Kura zenyewe ziko kwenye PV (hati ya kuhesabu kura), na karatasi ya matokeo inabandikwa mlangoni pa biro (chumba cha kupigia kura) baada ya kuhesabu. Anayetaka kuhakiki uchaguzi aipige picha karatasi ile, biro kwa biro. Anayetaka kujua watu wanawaza nini arudi kwenye lupango.

Redio au gazeti likikubali kutangaza kazi yenu, msiwaachie tarakimu tupu. Wapeni maneno haya, na masharti kwamba yasomwe yote ama tarakimu isisomwe: nani alilipia, watu wangapi waliulizwa na wangapi walikataa, tarehe ya kwanza na ya mwisho, komini zote saba, vituo vingapi, uso kwa uso kwa Kiswahili, swali lenyewe neno kwa neno, wangapi hawakuamua, kosa la pointi 6 juu na chini, na kwamba haisemi lolote kuhusu Likasi, Kasumbalesa wala Kinshasa. Polepole, ni kama sekunde 40 hewani.